UZI: Rashidi Kawawa, kiongozi wa wafanyakazi aliyeongoza serikali iliyozuia migomo

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, kila mjadala kuhusu Ujamaa unapoibuka, jina la kwanza kutajwa ni la Mwalimu Nyerere, na la pili huwa la Edward Sokoine. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, huachiwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mtiifu kwa Mwalimu. Naamini sentensi hiyo inamdhulumu, na inatudhulumu sisi tunaotaka kuielewa nchi yetu, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu za dola ambazo Azimio la Arusha lilikuja kuzitumia zilianza kukusanywa mwaka 1962, wakati Kawawa ndiye anaongoza serikali. Katika uzi huu nitamtazama zaidi kwa upande mmoja ambao kwangu ndio mzito kuliko yote: mtu aliyepandishwa na wafanyakazi wa Tanganyika ndiye aliyeongoza serikali iliyowanyang'anya silaha yao kubwa, yaani mgomo.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea, akasoma mpaka Tabora, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni. Sura yake ilijulikana kwa watu wa kawaida kabla ya siasa zake, maana mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu za Kiswahili. Watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo kijana mwenye kipaji cha uongozi alibakiwa na uwanja mmoja wa kusimama mbele ya wenzake, nao ulikuwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kawawa alikuwa rais wa chama hicho. Mwaka 1955, baada ya Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, kuja Dar es Salaam na kuwahimiza viongozi wa hapa waviunganishe vyama vyao, likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana zaidi kwa herufi TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Aliacha ajira ya serikali ili aifanye kazi hiyo, na sasa akawa huru kuingia TANU waziwazi.

Tusiichukulie TFL kama kamati ndogo ya makarani. Mji huu wa Dar es Salaam ulikuwa umeshaona mwaka 1947 jinsi mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandarini ulivyosambaa hadi kwa wafanyakazi wa miji mingine, na serikali ya kikoloni haikuusahau. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa muda mrefu kiasi kwamba kila aliyekuwa na mzigo wa kusafirisha alijua nguvu zao. Kwa hiyo Kawawa alipoteuliwa mwaka huohuo kuwa waziri katika serikali ya madaraka ya Nyerere, aliingia humo akiwa na jeshi la watu nyuma yake, tena watu waliozoea kusimamisha kazi.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama, na Kawawa akashika nafasi hiyo mpaka nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba. Hiyo ni miezi isiyofika 11. Watu wengi hukiona kipindi hicho kama mapumziko, kana kwamba Kawawa alikuwa akitunza kiti cha mwenyewe. Hebu tuangalie kilichofanyika. Paul Bomani alichukua wizara ya fedha iliyokuwa mikononi mwa Mzungu, Ernest Vasey. Nafasi za wakuu wa majimbo wa kikoloni zikachukuliwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa kisiasa kutoka katika chama, na mpaka leo mkuu wa mkoa wetu ni mrithi wa uamuzi huo. Kazi ya kuwaweka Waafrika katika nafasi za juu za utumishi ikaharakishwa. Serikali ikatangaza nia ya kugeuza umiliki wa kudumu wa ardhi kuwa wa muda maalumu, jambo lililotungiwa sheria mwaka 1963. Anayeshika leo hati ya miaka 33 au 99 pale Kinondoni anaishi ndani ya matokeo yake. Mwezi Septemba ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha mkuu wa nchi kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Bunge lililokaa katika ukumbi wa Karimjee mwaka huo liliitengenezea serikali zana ambazo Rais wa jamhuri alizikuta tayari.

Hata hivyo sheria ninazotaka kuzisimulia kwa kirefu ni zile za mwezi Juni 1962 kuhusu kazi. Zilikuwa 3, na zilifanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ilihusu migogoro: mgogoro wowote kati ya mwajiri na wafanyakazi ulitakiwa kwanza uripotiwe, kisha upite kwenye usuluhishi, kisha, waziri akitaka, upelekwe kwenye baraza ambalo uamuzi wake ulizifunga pande zote mbili. Mgomo haukupigwa marufuku kwa neno moja lililo wazi. Uliwekewa ngazi nyingi kiasi kwamba aliyezipanda zote kihalali alikuta mlango wa juu umefungwa na waziri. Ya pili ilihusu vyama vyenyewe: serikali ilipata uwezo wa kuteua shirikisho moja ambalo kila chama kililazimika kujiunga nalo, na shirikisho hilo likapewa usimamizi wa fedha za vyama wanachama. Ya tatu ilihusu watumishi wa serikali, ambao mazungumzo yao ya mishahara yaliwekewa chombo chake, na wale wa ngazi za juu wakazuiwa kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Kumbukeni kwamba Kawawa mwenyewe aliinukia katika chama cha watumishi wa serikali.

Ni haki kusema pia walichopewa wafanyakazi. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kiinua mgongo, na kima cha chini cha mshahara kikaanza kupangwa kwa viwango vilivyomwezesha mtu aishi na familia yake mjini badala ya kuhesabiwa kama mseja aliyeacha shamba kijijini. Baadaye, mwaka 1964, ikaja sheria iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi moja, pamoja na mfuko wa akiba ya wafanyakazi ambao ndio mzazi wa NSSF ya leo. Wazazi wetu waliofanya kazi viwandani walinufaika kwa mambo hayo, na sitaki kuyapunguza. Ninachosisitiza ni kwamba walipewa mambo hayo na serikali kwa hiari yake, huku uwezo wao wa kuyadai ukiondolewa.

Ndani ya TFL watu waligawanyika. Michael Kamaliza, aliyekuwa amemrithi Kawawa katika uongozi wa shirikisho, akawa waziri mwenye dhamana ya kazi na akaenda na serikali. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliyekuwa pia mbunge, alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu akaanzisha chama chake cha upinzani, na hatimaye akaishia kizuizini. Victor Mkello, rais wa TFL baada ya Kamaliza, mwanzoni mwa 1963 alihamishiwa Sumbawanga kwa amri, wakati Kawawa akiwa Makamu wa Rais. Nikiwafikiria watu hawa waliokaa meza moja wakipanga namna ya kumkabili mwajiri wa kikoloni, naumia kwamba walikuja kugawanywa na swali la nani ana haki ya kuwasemea wafanyakazi baada ya mkoloni kuondoka.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 1964. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi, na Nyerere na Kawawa wakavushwa kwenda kujificha upande wa Kigamboni wakati waziri Oscar Kambona akizungumza na askari. Baada ya Waingereza kuzima maasi hayo, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa kushukiwa kwamba walitaka kuungana na askari. Mwezi Februari TFL ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Shirikisho ambalo Kawawa alikuwa katibu wake wa kwanza liliishi miaka isiyofika 9.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kijana wangu, nimeusoma uzi wako wote na nakushukuru kwa kumkumbuka Mzee Kawawa, lakini umempima kwa mizani isiyo yake. Sisi tuliokuwa shuleni wakati wa uhuru tunakumbuka hali ilivyokuwa. Wenye ajira ya mshahara walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wakulima, na mshahara wa karani wa Dar es Salaam ulilipwa kwa jasho la mkulima wa pamba wa Usukuma. TANU ilisema waziwazi kwamba kundi dogo lililopangika vizuri haliwezi kuachiwa lijiongezee sehemu yake kwa kuisimamisha bandari na reli, huku walio wengi hawana hata zahanati. Mtu aliyewahi kuongoza TFL ndiye aliyezijua nguvu hizo kwa undani, na ndiyo maana alijua hatari yake kuliko wengine.

Pili, unasema sheria zile ni za Kawawa. Je, unaweza kuzitenganisha na Mwalimu? Mwalimu alikuwa rais wa TANU wakati wote huo, na mwezi Aprili 1962 ndipo alipotoa andiko lake kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba jamii ya Kiafrika haikuwa na tabaka la wanyonyaji na wanyonywaji. Ukilikubali wazo hilo, mgomo dhidi ya serikali ya wananchi hauna maana. Kawawa alikuwa mtekelezaji hodari wa fikra ambayo haikuanzia kwake. Kumpa yeye mzigo wa 1962 ni sawa na kumlaumu fundi kwa ramani aliyopewa.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwa mchango ambao umenilazimisha kufikiri zaidi. Hoja ya wakulima naiheshimu, kwa sababu ni ya kweli kwamba wafanyakazi wa mshahara walikuwa wachache. Lakini tufuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kama kosa la vyama vya wafanyakazi lilikuwa kujipendelea mbele ya wakulima, basi wakulima walipaswa kubaki na vyombo vyao vyenye nguvu. Mwaka 1976, Kawawa akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakakabidhiwa kwa mashirika ya umma. Vilikuwa na wizi na uzembe, sikatai, ila vilikuwa vya wakulima wenyewe. Tuliowatetea dhidi ya wafanyakazi nao wakapoteza sauti, na sheria ya kuvirudisha vyama hivyo ilikuja kutungwa mwaka 1982. Kwa hiyo naona mantiki ya 1962 haikuwa ya mkulima dhidi ya mfanyakazi. Ilikuwa mantiki ya dola iliyoamini kwamba chombo chochote kilichosimama kwa miguu yake kando ya chama ni hatari.

Kuhusu Mwalimu, sisemi kwamba Kawawa alimpinga kwa siri au kwamba alikuwa na siasa nyingine. Aliamini. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomwita mtiifu kama kwamba hilo linamalizia maelezo, maana mtu anayeamini huwajibika kwa imani yake kuliko anayeamriwa. Ramani na ujenzi havikuwa vitu viwili vilivyotengana mwaka 1962. Andiko la Aprili lilizungumzia moyo na mtazamo, halikusema chochote kuhusu namna waziri atakavyopeleka mgogoro wa kiwanda kwenye baraza, wala nani atashika fedha za vyama. Hayo yaliamuliwa na serikali, katika baraza la mawaziri lililokuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti huyo aliyajua mambo ya TFL kwa majina na kwa vitabu vya hesabu. Kila kifungu cha sheria zile kinaonyesha mkono wa mtu anayejua chama cha wafanyakazi kinapata wapi nguvu zake.

Tena historia ilimrudisha kwenye jambo hilohilo. Alipokuwa Waziri Mkuu tena kuanzia Februari 1972, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umeshatoka, na fungu lake la 15 lililokemea viongozi wenye majivuno na dharau lilikuwa likisomwa kwa sauti viwandani. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walilichukulia kama ahadi. Wakaanza kusimamisha kazi, wakawafungia mameneja nje ya lango, na mwaka 1973 wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe. Mwanzoni serikali ilivumilia, hata ikakubali. Wenzao wa viwanda vingine walipotaka kufanya vivyo hivyo, polisi wakaletwa, na baadhi wakarudishwa vijijini kwao. Mzee wangu, hawa hawakuwa wakidai mishahara minono kwa kumnyonya mkulima. Wengi walidai wasitukanwe kazini, na walidai kwa maneno ya chama chenyewe. Serikali ya kijamaa ingeweza kuwaona kama washirika wake wa kwanza, na mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuwaelewa kuliko wote alikuwa ameketi kwenye kiti cha Waziri Mkuu.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka mleta uzi, mbona kipindi chote cha 1972 hadi 1977 umekigusa kwa migomo tu? Kwa watu wengi wa bara, jina la Kawawa linakwenda pamoja na kuhamishiwa vijijini, na kwa watu wa mjini linakwenda pamoja na Operesheni Maduka. Naomba utueleze na hayo, la sivyo tutaona unamchagulia makosa.

MLETA UZI

Dada yangu, una haki ya kuuliza, ingawa vijiji vinastahili uzi wake. Amri kwamba kuishi vijijini si hiari tena ilitolewa na Mwalimu mwezi Novemba 1973, ikiwa na ukomo wa mwisho wa 1976, na utekelezaji ukaangukia serikali iliyoongozwa na Kawawa pamoja na wakuu wa mikoa ambao mfumo wao ulianza mikononi mwake. Zaidi ya watu milioni 10 walijikuta katika vijiji vilivyoandikishwa. Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na ukame, serikali ikaagiza nafaka kutoka nje, na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikatangazwa. Kuna waliopata shule, kisima na zahanati kwa mara ya kwanza, na kuna waliochomewa nyumba. Yote mawili yalitokea, mara nyingine katika kata moja.

Operesheni Maduka ya 1976 inaeleza zaidi tabia ya uongozi wake. Wazo lilikuwa kufunga maduka ya watu binafsi ili maduka ya kijamaa yachukue nafasi yake, na kasi ya kufunga ikaizidi kasi ya kufungua, watu wakakosa chumvi na sabuni, mpaka zoezi likasimamishwa. Kawawa alikuwa mtu wa kutekeleza mara moja na kwa ukamilifu. Sifa hiyo ilimfaa sana Januari 1967 alipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali, uamuzi ambao kila anayeandika barua ya kuomba kibali hapa mjini ananufaika nao, na ambao binafsi nauhesabu kuwa zawadi yake kubwa kwa taifa hili. Sifa hiyohiyo ilikuwa na madhara pale ambapo jambo lilihitaji kuwasikiliza watu kabla ya kuanza.

Ndiyo maana suala la halmashauri nalo lisisahaulike. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, uliotokana na ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ulivunja serikali za mitaa na kuziweka kazi zake chini ya maofisa waliotumwa kutoka serikali kuu. Dar es Salaam ilipoteza halmashauri yake ya jiji. Kipindupindu kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaonekana kwamba hapakuwa na chombo cha kusimamia taka na mitaro, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Kawawa wakati huo alikuwa ameshaondoka uwaziri mkuu. Tarehe 13 Februari 1977 Sokoine alichukua nafasi hiyo, naye akahamia wizara ya ulinzi, ambako alikuwapo wakati wa vita vya Kagera. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 1982 hadi 1990.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani namchukia Mzee Kawawa. Alishika madaraka makubwa kwa miaka mingi bila kugeuka tajiri, na watu wa rika la wazazi wangu walimwita Simba wa Vita kwa upendo wa kweli. Namheshimu kiasi cha kutaka asomwe kama mtu aliyeamua mambo.

Kuhusu vyama vya wafanyakazi vyenyewe: NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA mwaka 1978 ndani ya mfumo wa CCM, kisha mwaka 1991 ikaja OTTU, na vyama vya sekta mbalimbali vikaanza tena kusimama kila kimoja kwa jina lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikaandika wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kugoma, isipokuwa katika huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege, na mradi hatua za usuluhishi ziwe zimeshindikana kwanza. Kawawa alifariki hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, kwa hiyo aliishi kuiona haki hiyo ikirudi katika vitabu vya sheria, miaka 42 baada ya bunge la Karimjee kuiwekea vizuizi vyake.